Muda wa antivairasi umeisha: nilipie au niache?

Mshauri wetu mpendwa,

Salaam. Naomba unisaidie kuamua jambo ambalo limetugawa nyumbani.

Tuna laptopu moja ya Windows 11 na watumiaji ni wanne. Mimi huitumia jioni kumalizia kazi za ofisini na kuingia kwenye akaunti yangu ya benki. Mume wangu husoma habari na barua pepe zake. Binti yetu anasomea kompyuta chuoni, na mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 14, yeye ni michezo tu. Humo humo zimo picha zetu zote tangu watoto wakiwa wachanga.

Laptopu ilikuja na antivairasi ya majaribio. Muda wake umeisha zamani, na sasa kila nikiiwasha linatokea dirisha jekundu likiniambia kwamba kompyuta haina ulinzi na kwamba nikilipia leo nitapata punguzo. Kana kwamba hilo halitoshi, siku hizi kwenye kona ya chini upande wa kulia zinajitokeza taarifa nyingine: "Virusi 5 vimepatikana! Bofya hapa uviondoe." Nikibofya napelekwa kwenye ukurasa wa kulipia. Zinakuja hata nikiwa naandika barua na sijafungua tovuti yoyote.

Mume wangu anasema tulipie mara moja, kwa sababu kitu cha bure hakiwezi kulinda akaunti ya benki, na ofisini kwao walipata hasara kubwa ya virusi miaka ya nyuma. Binti anasema Windows ina kinga yake na hizo kampuni zinaishi kwa kutisha watu. Wakibishana, kila mmoja ananiambia nimsikilize yeye. Mdogo ananyamaza kimya, na ukimya wake nao unanitia mashaka, kwa sababu nimewahi kumsikia akimwambia rafiki yake kwamba mchezo fulani "ukizima antivairasi kwanza ndiyo unakubali."

Je, nilipie au nisilipie? Na hivyo virusi 5 vipo kweli?

Mama wa Wawili

* * *

Mama wa Wawili, salaam zako nimezipokea.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hivyo virusi 5 havipo. Tovuti haina uwezo wa kupekua mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta yako, kivinjari hakiiruhusu. Hakuna aliyetafuta, hakuna aliyehesabu. Hiyo namba iliandikwa na mtu anayetaka ubofye.

Kilichotokea ni hiki. Siku moja mmoja wenu alifungua tovuti, pengine ya kutazama filamu bila malipo au ya kupakua michezo, nayo ikaomba ruhusa ya kumtumia arifa. Huwa wanaiomba kwa hila: "Bofya Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti." Akabofya. Tangu siku hiyo tovuti ile inaweza kukutumia ujumbe kwenye kona ya skrini hata kama ukurasa wake umefungwa, na ujumbe wenyewe hupambwa ufanane na onyo la Windows. Ndiyo maana unazipata ukiwa unaandika barua.

Kuziondoa hakuhitaji antivairasi yoyote. Kama mnatumia Chrome, fungua Mipangilio, nenda Faragha na usalama, halafu Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa kila jina usilolijua. Ukiona zote hazina maana kwako, futa zote, hakuna kitakachoharibika. Edge nayo ina sehemu kama hiyo chini ya ruhusa za tovuti. Ukiwa hapo hapo, angalia pia viendelezi, yaani programu ndogo zilizopachikwa kwenye kivinjari, uondoe ambavyo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kuviweka.

Jambo moja nakuomba ulijibu moyoni kwa ukweli kabla hatujaendelea. Ulipopelekwa kwenye ule ukurasa wa malipo, uliwahi kujaza namba za kadi ya benki? Kama ndiyo, ipigie benki yako leo, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, waifunge na kukupa nyingine. Kama ulipakua programu kutoka hapo, au ulipiga simu kwa "fundi" na kumruhusu aiendeshe kompyuta yako kutoka mbali, kata intaneti kwanza, na kazi ya benki uifanye kwenye kifaa kingine mpaka hii isafishwe. Wapo wengine ambao baada ya kuogopeshwa hupelekwa kwenye duka halali la kampuni halali ya antivairasi, kwa sababu aliyewaogopesha analipwa kamisheni kwa kila mteja. Hao hawajaibiwa kadi. Hata hivyo wameuziwa kitu kwa uongo, na hili linanikera sana, kwa sababu wanaoathirika zaidi ni watu waangalifu kama wewe.

Sasa tulirudie lile dirisha jekundu. Hilo ni la kampuni ya kweli, lakini linachokuambia ni nusu ya habari. Binti yako yuko sahihi: Windows 10 na Windows 11 zina antivairasi ndani yake, inaitwa Microsoft Defender. Hailipiwi, haina muda wa kuisha, na hujisasisha yenyewe pamoja na Windows. Antivairasi nyingine ikishasakinishwa, Defender hujiweka kando ili mbili zisigongane. Kwa hiyo cha kufanya ni kuiondoa hiyo ya majaribio. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, itafute kwa jina, uiondoe, kisha zima na kuwasha kompyuta upya. Baadhi ya antivairasi huacha mabaki; waliozitengeneza huwa na kifaa chao cha kuziondolea, kinapatikana bure kwenye tovuti yao rasmi. Ukimaliza, andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue, na uangalie kwamba Defender ndiyo inayolinda na kwamba haina alama nyekundu. Kamwe usiweke antivairasi mbili zifanye ulinzi kwa wakati mmoja kwa kudhani ulinzi utaongezeka. Kompyuta itakuwa nzito, nazo zitaanza kushukiana.

Kwa hiyo jibu langu: kwa laptopu ya nyumbani kama yenu, usilipie.

Lakini mume wako hakuzua tu. Zamani kidogo angekuwa sahihi. Windows 7 ilikuja bila antivairasi kamili ndani yake. Ilibidi mtu aipakue Security Essentials, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2009, na miaka michache baadaye, kwenye majaribio ya AV-TEST, ile maabara ya Ujerumani, ilikuwa ikishika mkia. Aliyelipia wakati huo alikuwa na sababu. Mambo yalibadilika taratibu. Kinga iliingizwa ndani ya mfumo kuanzia Windows 8 mwaka 2012, ikaendelea kuboreshwa, na kwa miaka kadhaa sasa AV-TEST huipa Defender alama za juu kabisa au karibu na hapo, pamoja na zile za kulipia. Maabara hiyo hutoa alama hadi 6 katika kila moja ya maeneo matatu: ulinzi, wepesi wa kompyuta, na kutomsumbua mtumiaji kwa maonyo ya uongo. Matokeo yao yako wazi kwa yeyote. Mwombe mume wako muyaangalie pamoja, ayaone kwa macho yake. Ni bora kuliko kumwambia tu kwamba binti ndiye aliyeshinda.

Na kuna jambo jingine ambalo anastahili kusikilizwa. Kuogopa vitu vya bure si ujinga. Zipo antivairasi za bure za kampuni nyingine ambazo faida yake ilitoka kwa mtumiaji mwenyewe. Avast ilikusanya kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot, mpaka ilipofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliitaka ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo nikisema msilipie, sisemi mkapakue ya bure yoyote mtakayokutana nayo. Nasema mbaki na ile iliyokuja ndani ya Windows.

Je, wapo ambao ningewaambia walipie? Wapo. Mtu anayetunza nyaraka za siri za wateja wake kwenye kompyuta hiyo hiyo ya nyumbani, na mkataba wake unamtaka awe na ulinzi fulani. Mtu anayewasimamia wazazi walio mbali na anataka kuona vifaa vyote mahali pamoja, au anayehitaji namba ya kupiga pale anapokwama. Pia anayeishi bila intaneti ya uhakika na kutegemea flashi zinazopita mikono mingi: Defender hutegemea sana wingu, yaani kompyuta za Microsoft zilizo kwenye intaneti, ili kutambua virusi vipya, na isipokuwa na mtandao uwezo wake hupungua. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kulinganisha. Ila akilipia, aangalie bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ile ya punguzo huwa ni ya mwaka wa kwanza tu, kisha azime malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo. Na vile vinavyofungashwa pamoja, kama VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako ya mtandaoni), kitunza nywila na huduma ya kukuarifu nywila zako zikivuja, asiviache vimshawishi. Bitwarden hutunza nywila bila malipo, na Have I Been Pwned hukuonyesha bure kama barua pepe yako imo kwenye uvujaji unaojulikana.

Sasa tuzungumze kuhusu kijana, kwa sababu hapo ndipo nina hofu ya kweli.

Mchezo unaodai uzime antivairasi kwanza ni mchezo uliokrakiwa, yaani uliovunjwa kufuli lake ili uchezwe bila kulipiwa. Wanaousambaza husema antivairasi "inakosea tu" kwa sababu ya ile kraki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini maelezo hayo hayo ndiyo anayoyahitaji mtu aliyeficha kitu kingine ndani ya mchezo, na mtoto wa miaka 14 hana njia ya kutofautisha. Wala mimi sina. Ungekuwa umelipia antivairasi ya bei kubwa kuliko zote, mtoto angeizima pia, kwa sababu maelekezo yanamwambia azime. Mlinzi akiambiwa na mwenye nyumba aondoke getini, mshahara wake hausaidii kitu.

Kinachofichwa humo siku hizi mara nyingi si virusi vya kufuta mafaili. Ni programu ya wizi inayofanya kazi kimya kimya: inachukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, inachukua na vidakuzi, inavituma, basi. Kompyuta haiwi nzito, hakuna dirisha linalotokea. Vidakuzi ndivyo vinavyokumbusha tovuti kwamba wewe ulishaingia. Mwizi akivipata anaweza kuingia kwenye akaunti zako kama wewe, wakati mwingine bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu. Na hapo kwenu, kivinjari cha michezo ndicho kivinjari cha benki.

Kuna mtego mwingine nataka nyote wanne mujue, maana umeenea sana tangu 2024 na antivairasi hupata shida kuuzuia. Ukurasa unakuambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu, kisha unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifanya hivyo umebandika amri ambayo ukurasa uliinakili bila wewe kujua, na umeiendesha kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti halali inayothibitisha binadamu kwa njia hiyo. Waambie watoto kwa maneno hayo hayo, na hasa mume wako, ambaye hufungua viungo vya barua pepe.

Kwa hiyo fanya hivi. Baada ya kuondoa ile ya majaribio, fungua Windows Security, chagua aina ya ukaguzi uitwao Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaanza, wakati ambapo programu mbaya haijapata nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Ukitaka maoni ya pili, toleo la bure la Malwarebytes linaweza kukagua mara moja bila kuiondoa Defender. Likikupa jaribio la toleo la kulipia, likatae. Likipatikana lolote la wizi wa nywila, badilisha nywila zako zote ukitumia simu au kifaa kingine kilicho salama, ukianza na ya barua pepe kisha ya benki, na katika kila akaunti utafute sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote. Ukibadilisha nywila bila kutoka kwenye vifaa vyote, mwenye vidakuzi vyako anaweza kubaki ndani.

Kisha mfungulie kila mtu akaunti yake ya Windows, na ya kijana iwe ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Nywila ya msimamizi ibaki kwako na kwa binti. Kijana hataweza kuzima Defender wala kusakinisha programu ya kuigusa kompyuta nzima bila mmoja wenu kuandika nywila. Hii peke yake ina thamani kuliko kifurushi chochote ulichoonyeshwa kwenye dirisha jekundu. Si kinga kamili, programu ya wizi inaweza kudhuru akaunti ya aliyeifungua hata bila usimamizi, lakini itakuwa imeingia kwenye akaunti ya michezo, si kwenye ile unayoingilia benki. Faili lolote mnalolishuku linaweza kupitishwa kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako hukaguliwa na antivairasi zaidi ya 60 kwa mkupuo. Msipeleke huko nyaraka za ofisini, kwa sababu kinachopakiwa pale huweza kuonwa na wengine.

Masasisho ya Windows msiyaahirishe. Huenda hasara ya ofisini kwa mume wako ilitokana na hilo; maofisi mengi yaliumia hivyo. WannaCry, programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia katika nchi 150 hivi kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kuvuruga hata hospitali za Uingereza, ilipitia tundu ambalo Microsoft ilishaliziba kwa sasisho mwezi Machi mwaka huo huo. Waliosasisha, mlango huo ulikuwa umefungwa. Ninyi mko Windows 11, kwa hiyo mko vizuri. Msomaji mwingine aliye bado na Windows 10 ajue kwamba msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitoa mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watu binafsi, lakini antivairasi ya kulipia haizibi matundu ya mfumo usiosasishwa, hata muuzaji akisema nini. Wenye Mac nao Apple imewawekea kinga yao, XProtect, ndani ya mfumo tangu 2009, na ushauri wangu kwao haubadiliki.

Zimebaki picha za watoto. Ile pesa uliyotaka kulipia antivairasi, nunua diski ya nje. Nakili picha zote, hakikisha zinafunguka, kisha ichomoe na uiweke mbali na laptopu. Ikiachwa imechomekwa, programu ya kufunga mafaili itazifunga na nakala. Ukiweza, weka nakala nyingine kwenye wingu. Diski hiyo itakufaa pia siku laptopu ikianguka au ikiibwa, mambo ambayo antivairasi haiwezi kuyagusa. Ndani ya Windows Security kuna pia kinga ya mafolda dhidi ya programu za kufunga mafaili. Huja ikiwa imezimwa. Binti anaweza kuiwasha, ingawa mara kwa mara itazuia programu halali na mtalazimika kuiruhusu kwa mkono.

Kijana usimgombeze mbele ya dada yake. Kaa naye, mwambie kuhusu nywila ya benki na vidakuzi kama nilivyokueleza wewe. Ana umri wa kuelewa. Kisha mwombe akuonyeshe kila mchezo aliousakinisha na alikoutoa, mfute pamoja ile iliyokrakiwa, kabla ya kufanya ule ukaguzi. Mkimaliza, mtafutie michezo ya bure kutoka kwenye maduka rasmi kama Steam. Iko mingi, na hakuna unaomtaka azime kitu. Akiwa anaogopa adhabu atakutajia miwili na kuficha wa tatu, na huenda huo wa tatu ndio unaotutafuta.

Mshauri wako